Mnyama wa Waingereza

Silvanus Komba alikuwa na kipaji cha kujibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Kipaji hicho kilimpatia mke, kikamkosesha kazi kadhaa, na Jumamosi moja ya Oktoba, kwenye sebule ya watu huko Laurel, Marekani, nusura kimfanye Mwingereza mmoja awe ndugu wa tumbo moja na mchumba wake.

Mwingereza mwenyewe aliitwa Mark. Alikuwa mrefu, mwembamba kama fito, mwenye masikio yaliyowaka mekundu kila alipoona haya, na kuona haya ilikuwa ndiyo kazi yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa kupima vumbi la nyota kwenye kile kituo kikubwa cha anga za juu karibu na Greenbelt. Kila asubuhi alipanda basi dogo la wafanyakazi, na dereva wa basi hilo alikuwa Silvanus. Mark alikuwa akijifunza Kiswahili kwa ajili ya Chelagat, muuguzi kutoka Kenya. Silvanus alikuwa akimfundisha kwa sababu hajapata kuzaliwa Mngoni wa kukataa msikilizaji.

"Kaka Silvanus," Mark alisema asubuhi moja, masikio yakiwa tayari yameshika moto, "nyumbani kwa Chelagat wananiita. Mimi na watu wangu. Lakini sina watu."

"Huna watu kivipi? Ulianguka na hilo vumbi lako?"

"Baba alifariki. Mama yuko Uingereza, anaogopa ndege. Hapa nina wewe."

Silvanus alipitiliza kituo. Abiria wakapiga kelele, yeye hana habari. Miaka yote Marekani alikuwa ameitwa majina mengi, mengine na polisi wa barabarani, lakini hakuna aliyewahi kumwita watu wake.

"Mshenga umepata," alisema. "Kaa kimya, uniachie mimi."

Jioni hiyo, nyumbani kwao Langley Park, alimweleza mkewe Anitha. Anitha alikuwa akimenya ndizi na hakuinua kichwa.

"Wakenya hawa ni Wanandi," alisema. "Unajua mila zao?"

"Posa ni posa."

"Unajua mila za Waingereza?"

"Anitha, nimetazama mpira wao tangu nikiwa na meno ya utoto."

Hapo inafaa msomaji aambiwe siri moja ya nyumba hiyo. Wangoni wa Songea wengi hubeba majina ya wanyama, na wanyama hawakugawanywa kwa haki. Anitha alizaliwa akina Tembo. Shemeji zake Silvanus wote walikuwa akina Tembo, wapana, wenye kuongea taratibu kama watu wasio na cha kuthibitisha. Silvanus alizaliwa Komba, yule mnyama mdogo mwenye macho kama taa, anayejulikana kwa kupanda miti na kulewa pombe ya watu. Katika kila harusi ya ukweni palikuwa na shemeji wa kuuliza kama chupa zimefichwa, maana Komba amefika. Silvanus alicheka na wengine, ila moyoni aliapa kwamba siku akisimama kumsemea mtu, mtu huyo hatakuwa mnyama mdogo.

Kwa hiyo alitoa maagizo. Mark asifungue mdomo mpaka aambiwe. Mama yake asipige simu, kwa kuwa mama wa bwana harusi hana sauti kwenye posa, jambo ambalo Anitha alilipokea kwa mguno mmoja tu. Na ndani ya suti Mark avae kitu cha kwao.

"Kitu gani?" Mark aliuliza. "Nina jezi tu."

"Jezi ya taifa? Vaa!"

Jumamosi ilipofika walichelewa, maana ile reli mpya inayojengwa Langley Park ilikuwa imefunga njia na kuwazungusha mitaa ambayo hata mabasi yalionekana kuijutia. Mark alikaa nyuma, mikono magotini. Anitha, ndani ya kitenge chake kikubwa, alimgeukia.

"Unaogopa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Ungekuwa huogopi ningemwambia binti akimbie."

Mlango ulifunguliwa na Mzee Elkanah mwenyewe, baba mdogo wa Chelagat. Alikuwa mfupi, mpana, mzee wa kanisa, na kwa riziki yake alilinda mlango wa ofisi fulani mjini Washington. Mlango wa kwake aliulinda kwa utaratibu uleule.

"Mnatafuta nani?"

"Mzee, tumeona ua zuri kwenye bustani hii," Silvanus alianza.

"Hii ni ghorofa ya tatu."

"Ua la ghorofani, Mzee."

Mzee Elkanah aliwatazama mmoja mmoja kama anayesubiri vitambulisho, kisha akawapisha. Nguvu zote siku hiyo zilikuwa kwake. Kaka yake, baba mzazi wa Chelagat, alikuwa Kapsabet, na alikuwa amemwambia kwa simu: ukiridhika wewe, nimeridhika. Chelagat alikuwa ameshamweleza Mark naye, kwa sauti ya upole ila isiyo na mlango wa nyuma, kwamba bila baraka ya baba yake hakuna ndoa. Alimpenda Mark. Lakini alikuwa mtoto wa watu.

Mezani, katikati ya vikombe vya chai, kilisimama kibuyu chembamba chenye mkanda wa ngozi na shanga. Ndani yake kulikuwa na mursik, maziwa ya mgando yaliyolazwa na unga wa mkaa wa mti wa kwao. Aliyekilinda alikuwa Shangazi Cherono, dada mkubwa wa Mzee, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Wakati wa kuvua viatu Chelagat alikuwa amemnong'oneza Anitha: kibuyu kikifunguliwa, tumekubaliwa. Kikirudi jikoni, chukueni makoti.

"Kabla ya yote," alisema Mzee, akinyoosha kidole ukutani, "mnaona hicho?"

Kilikuwa kibao cha kukatia vitunguu. Kilitobolewa tundu, kikatiwa kamba.

"Nikiwa darasa la tatu nilivalishwa kitu kama hicho shingoni kwa kosa la kuongea Kinandi shuleni. Nilikaa nacho mpaka jioni, watoto wakinicheka. Sasa hapa kwangu, siku ya maneno ya familia, mwenye kuongea Kiingereza ndiye anakivaa. Hata akiwa nani." Macho yake yalitua juu ya Mark, na masikio ya Mark yakajibu. "Okay, tuanze."

Shangazi Cherono aliinuka, akakitoa kibao ukutani, akamvalisha mdogo wake shingoni, akarudi kuketi.

"Nimesema nini?" Mzee aliuliza.

"Umesema hiyo."

Chelagat aliziba mdomo kwa leso. Anitha alikohoa mpaka machozi. Mzee Elkanah alikinyoosha kibao kifuani kama tai, akaendelea kwa heshima zake zote, huku akinuka vitunguu.

"Nyinyi ni akina nani, na huyu kijana ni wa wapi?"

Silvanus alisimama. Alikuwa ameisubiri saa hii. Alisema kijana ni wa Uingereza, mtu wa kazi, mtu wa nyota, asiyekunywa kupita kiasi wala kulala kupita jua.

"Uingereza," Mzee alirudia polepole. "Hao watu waliwahi kufika kwetu. Walifika bila kubisha hodi."

Vikombe vya chai vilitua mezani.

"Ndiyo maana leo tumebisha, Mzee," alisema Silvanus. "Na tusingefunguliwa, tungebisha tena."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza, mcheko wa kutoka tumboni, na Mzee akashindwa kujizuia. Silvanus alijiona amevimba. Mambo yalikuwa yanateleza kama ugali wenye mlenda. Akamkonyeza Mark: umeona?

"Sasa, mshenga," alisema Mzee akipangusa macho, "sisi hatuulizi mali kwanza. Tunauliza damu. Kila ukoo kwetu una mnyama wake, na kabla msichana hajatoka, lazima tujue mnyama wa upande wa pili, kwa sababu kama mnyama wao ni..."

"Simba!" alisema Silvanus.

Swali halikuwa limeisha. Lakini alipoliona neno mnyama limesimama peke yake pale katikati ya chumba, na miaka yote ile ya shemeji na chupa zao, ungemshikaje? Alimfuata Mark, akamfungua koti, akamfungua shati. Mark akashika vifungo, akatikisa kichwa, akasema "hapana, kaka, hapana," na Silvanus akadhani ni ile haya yake ya kawaida. Jezi nyeupe ikatokea, na kifuani nembo ya simba.

"Na si mmoja, Mzee. Hesabu mwenyewe. Watatu!"

Akarudi nyuma ili wote waone vizuri.

Hakuna aliyepiga makofi. Chelagat alikuwa amefumba macho. Mzee Elkanah aliweka kikombe chini. Shangazi Cherono aliinuka, akakibeba kibuyu kwa mikono miwili, akaelekea nacho jikoni, na kila mtu akaisikia sauti ya kutua kwake juu ya jiko.

"Nimekosea wapi?" Silvanus alimnong'oneza mkewe.

"Mahali pa kawaida," alisema Anitha. "Mdomoni."

"Sisi ni ukoo wa simba," alisema Mzee. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtu wa simba na mtu wa simba ni ndugu. Haijalishi wamezaliwa wapi. Kaka haoi dada. Hilo ndilo nilikuwa namalizia kukuuliza."

"Baba mdogo," Chelagat alisema, "Mark ni Mzungu! Tutakuwaje ndugu?"

"Mimi najua, mwanangu? Nimeuliza, mshenga amejibu. Tena ameonyesha ushahidi kifuani." Alivuta pumzi. "Kaka yangu jioni hii ataniuliza kitu kimoja tu: mnyama wake ni nani? Nimdanganye? Halafu mpate mtoto akiugua, wote nyumbani waseme Elkanah alijua?"

Silvanus alianza kurudi nyuma kwa kasi aliyokwenda nayo mbele. Alisema hao simba ni wa mpira tu. Mzee akauliza kama mtu huweka mnyama asiye wake kifuani. Alisema basi labda si simba, labda ni chui wamechorwa vibaya. Anitha akamvuta koti ili akae. Akakaa. Chelagat alikuwa ameinamisha kichwa na chozi limemdondokea gotini, na Silvanus alipoliona chozi hilo alijisikia komba kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Ndipo Mark aliposimama.

"Simba hapana," alisema. "Simba ya mfalme. Mimi mfalme hapana." Alitafuta maneno zaidi kichwani na wote wakaona hayakuwemo. Akafungua mdomo, akakitazama kibao, akaufunga.

Kisha akavuka sebule, suti wazi, jezi nje, akapiga goti mbele ya Mzee Elkanah ili wawe kimo kimoja. Kwa mikono miwili akaitoa ile kamba shingoni mwa Mzee, akajivika mwenyewe.

Hapo ndipo akasema Kiingereza.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Elkanah alikuwa akimtazama Mwingereza aliyejivalisha kibao kwa hiari, na kidevu chake kilicheza kidogo, kama cha mtoto wa darasa la tatu.

"Anasemaje?" Mzee aliuliza, ingawa Kiingereza alikijua vizuri kuliko mfasiri wake.

"Anasema," Silvanus alisema kwa unyonge, "kwamba alitaka kuniambia na mimi nilimkataza kuongea. Anasema kwao hakuna mtu mwenye simba. Anaomba apigiwe mama yake."

"Mama yake yupo?" aliuliza Shangazi kutoka mlango wa jikoni. "Yupo, na hamkumwita?"

Watu wote wakamgeukia Silvanus. Anitha alitabasamu kwa furaha ya mke aliyesubiri muda mrefu.

Mama Mark alipokea simu kabla haijalia sawasawa. Picha ilionyesha bibi wa mashavu mekundu, amevaa lulu shingoni na sweta la nyumbani. Kumbe alikuwa amekaa tayari tangu mchana, huenda akapigiwa.

"Mbona mwanangu amevaa ubao?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Ni heshima, mama," Silvanus alisema. Kwa kuwa sasa Kiingereza kilikuwa chake, Shangazi alikitoa kibao kwa Mark akamvika yeye. Akafasiri nacho shingoni mpaka mwisho.

Aliposimuliwa mkasa, bibi alicheka mpaka picha ikatikisika. Simba! Simba walikuwa wa wafalme, na wafalme hao asili yao ilikuwa ng'ambo, huko Ufaransa, waliingia kwa vita na kuongea Kifaransa chao mezani kwa vizazi na vizazi. Watu wa kawaida walikuwepo muda mrefu kabla yao. Jezi ya mpira ilirithi alama ya ikulu, basi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kent, pembeni kabisa mwa nchi, na watu wa Kent wana mnyama wao. Akatoweka. Wakasikia droo ikivutwa, kitu kikianguka, mbwa akikemewa. Akarudi na kitambaa cha kufutia vyombo, akakitandaza mbele ya kamera.

Farasi. Farasi mweupe juu ya uwanja mwekundu, amesimama kwa miguu ya nyuma, na pembeni doa la supu.

"Farasi!" Silvanus alipaza sauti kana kwamba amemzaa yeye.

"Taratibu," alisema Anitha.

Bibi alieleza, na Silvanus akafasiri, mara hii bila kuongeza chumvi, maana Mzee alikuwa akimsahihisha. Hadithi ya kwao husema walikuja kwa mashua zamani sana, wakiongozwa na ndugu wawili ambao majina yao yote yalikuwa majina ya farasi. Walitoka Denmaki na pande za Ujerumani. Walipofika walikuta wenyeji, na wenyeji hao walikuwa wametoka kutawaliwa na Warumi. Wakawapiga wengine, wakaoa wengine. Halafu wakaja Wadenmaki wengine na mashoka. Halafu hao Wanormani wa Kifaransa.

Mzee Elkanah alikuwa amesogea mpaka ukingo wa kiti. "Ngoja. Kwa hiyo na wao walitawaliwa?"

"Na kila aliyekuwa na mashua, Mzee."

"Wakakatazwa lugha yao?"

Silvanus aliuliza. Bibi akafikiri, akasema ndiyo, kwa wakubwa na mahakamani ilikuwa Kifaransa, kwa muda mrefu.

Mzee Elkanah alivua miwani. "Mwambie pole," alisema, na hakuwa anatania. "Mwambie sisi hatukujua."

Bibi alipofikishiwa pole hiyo kutoka kwa mzee wa Kinandi, alishika lulu zake. Akasema asante, hakuna aliyewahi kuwapa pole.

Silvanus, kwa upande wake, alikuwa amenasa penginepo. Watu waliotoka mbali wakipiga na kuoa njiani, wakafika wakiwa nusu yao ni wale waliowapiga? Hao si Waingereza, hao ni Wangoni! Babu zake walitoka Afrika Kusini namna ileile mpaka Songea. Na Ujerumani je? Wangoni walipigana na Wajerumani, na kwao mliopigana nao kwa haki huwa watani wenu, wa kutukanana misibani bila kukasirika. Alimgeukia Mark.

"Kumbe wewe ni Mjerumani aliyelowa mvua! Mtani wangu kabisa, na muda wote huu nimekuwa nakuheshimu bure!"

"Ukoo hufuata baba," Shangazi Cherono alikata, akiwa bado mlangoni, na kicheko kikafa. "Huyo ni mama. Mama ni farasi. Baba yake alikuwa nani?"

Masikio ya Mark yalipoteza rangi. Silvanus aliuliza swali hilo kwenye simu huku amefumba jicho moja.

Lo, kumbe hapo ndipo bibi alipokuwa akipangojea. Alisema mumewe alitoka upande wa pili wa mto. Kent ina mto katikati, na watu wa mashariki ya mto si sawa kabisa na watu wa magharibi. Kila upande una jina lake na uzao wake, hawa husema asili yao ni Wajuti wa Denmaki, wale Wasaksoni wa Ujerumani. Mama yake mzazi alilia wiki nzima aliposikia binti yake anaolewa ng'ambo ya mto.

Mzee na dada yake walitazamana. Uso wa Mzee ulifunguka kama dirisha.

"Mto!" alisema. "Wana mto! Ukoo wa huku na ukoo wa kule, na mtu anavuka kuoa. Cherono, unasikia? Hawa ni watu!"

"Na wa ng'ambo ya pili mnyama wao?" aliuliza Shangazi.

"Farasi pia," alifasiri Silvanus, na aliposikia alichokisema akatamani kukimeza.

"Wote farasi?" Shangazi alishika kiuno. "Basi hawa walioana ndugu! Ndiyo maana mtoto ametoka mweupe hivi."

Silvanus aliogopa kufasiri. Chelagat akafasiri yeye, neno kwa neno, na kule Kent bibi alicheka mpaka mbwa akabweka.

"Hiyo ni kesi ya Waingereza," Mzee aliamua, akipunga mkono. "Wataimaliza wenyewe mtoni. Mimi naulizwa kuhusu huyu. Farasi sisi tunaye?"

"Hatuna," alisema Shangazi.

"Jirani yetu yeyote anaye?"

"Punda milia labda. Lakini huyo ni wa mbali." Aliwaza. Akaona tatizo jipya, na kwa jinsi alivyobana midomo alilifurahia. "Ila simba humla farasi."

Wote wakamtazama Chelagat, binti simba, aliyeketi kando ya Mark na macho bado mabichi.

"Shangazi," alisema, "nimeshaanza. Amebaki masikio tu."

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Mzee alipiga mapaja, Anitha akapiga vigelegele, na Shangazi Cherono, akitikisika mabega, aliingia jikoni. Silvanus alitega sikio. Zilipita hatua, sauti ya kabati, sauti ya vikombe. Akarudi na kibuyu.

Alikitikisa, akakizibua, akammiminia Chelagat, kisha Mark. Mark aliyatazama maziwa yale ya kijivujivu yenye chembe za mkaa.

"Kama vumbi ya kazi yangu," alisema kwa Kiswahili, akanywa yote bila kupumua, akabaki na sharubu za majivu. Shangazi aliwapaka siagi kwenye paji la uso wote wawili, siagi ya dukani maana ng'ombe walikuwa mbali, akawaombea kwa Kinandi kirefu ambacho hakuna aliyethubutu kukikatiza. Kule Kent mama Mark aliomba naye kile kitambaa chake kipakwe. Wakampaka skrini.

Mzee Elkanah alimpigia kaka yake Kapsabet palepale. "Farasi!" alipiga kelele. "Ndiyo, farasi! Wana mto!" Akakata simu akiwa mtu mwingine. Kisha akamwita Mark, akamwonyesha jezi kwa kidole.

"Vua."

"Baba?"

"Hao simba watatu si wako, umesema mwenyewe. Ni wa ukoo wetu, wamepotea tu. Vua warudi kwao."

Mark alipelekwa chumbani akarudi amevaa sweta la kwaya la Mzee, fupi hadi kitovuni. Mzee Elkanah alitoka amevaa jezi ya Uingereza juu ya shati na tai, kifua mbele, akasimama kupigwa picha na kila mtu, na alipofika mbele ya simu bibi wa Kent alimpigia saluti. Akatangaza kwamba kuanzia mechi ijayo yeye na ukoo mzima ni Waingereza, na wakifungwa atataka maelezo kutoka kwa Mark.

Ilikuwa wakati wa makoti, Silvanus akihangaika na kamba ya kibao iliyojifunga kwenye kola, Mzee alipomshika bega.

"Mshenga. Umemsemea mwenzako mnyama ambaye si wake, ukatutia jasho. Lakini wewe mwenyewe hatujakuuliza. Kwenu mnabeba majina ya wanyama pia, mke wako ameniambia. Yeye ni Tembo, naona, inaonekana hata akiketi. Na wewe, mnyama wako..."

Anitha alimtazama mumewe. Mdomo wa Silvanus ulikuwa umeshafunguka. Ulikaa hivyo, wazi, bila kutoa kitu, kwa muda ambao mkewe hakuwahi kuushuhudia tangu ndoa.

"...ni nani?" Mzee alimaliza.

"Komba," alisema Silvanus.

Chumba kilimkagua: macho makubwa, kibao cha vitunguu kifuani, nywele zimesimama. Shangazi Cherono alikuwa wa kwanza kuinamia kibuyu na kukiziba haraka kwa kiganja.

"Kificheni!" alisema Mark kwa Kiswahili safi, na masikio yake hayakubadilika rangi hata kidogo.